Ndege Mbili Mpaka kwa Mama

Jumapili, 2 Novemba

Leo nimegundua kwamba tangu Ijumaa jioni, nilipomwambia dereva wa basi asante, sijatamka neno lolote. Nikajaribu kusema kitu ili nijue kama sauti bado ipo. Nikaiambia sufuria, "Haya, chemka basi." Sauti ipo, ila imekwaruza. Ndiyo maana nimenunua daftari hili. Baridi ndiyo kwanza inaingia, jua linazama kabla sijatoka kazini, na miezi yote hii ya kukaa na mdomo uliofungwa itanitoa akili.

Chumba chenyewe ni kitanda, meza, dirisha linalotazama ukuta wa jirani, na bomba la kupasha joto linalogonga kama lina ugomvi na mtu. Nilimlalamikia mwenye nyumba, mzee wa ghorofa ya chini. Akasema nilizoee, lilikuwepo kabla yake.

Nimepiga simu nyumbani kama kila Jumapili. Dada ndiye aliyepokea. Eti mama amelala. Alasiri yote hii? Eti alikuwa na wageni, wamemchosha. Basi nikasema amsalimie akiamka.

Jumatano, 5 Novemba

Mablanketi, mablanketi, mablanketi.

Jumamosi, 8 Novemba

Niieleze kazi yangu, maana nyumbani wameitia chumvi mpaka hailiki. Dada amewatangazia majirani kwamba mdogo wake "yuko kwenye ndege". Mtaa mzima unaamini navaa viatu virefu na kugawa juisi mawinguni. Ukweli ni kwamba nipo kwenye jengo refu la bati kando ya uwanja wa ndege, tunafua mablanketi ya abiria. Yanaletwa kwa magunia, kila gunia lina lebo ya mji lilikotoka. Tunafua, tunakausha, tunakunja, tunatia kwenye mifuko ya plastiki, yanarudi angani. Walio kwenye ndege ni mablanketi. Mimi nabaki chini.

Kukunja kunataka watu wawili. Kila mmoja anashika pembe mbili, mnanyoosha, mnaendeana, mikono inakutana, mnaachana. Mwenzangu wa meza ni mama mmoja wa makamo tunayemwita Redio kwa sababu hazimwi. Anaanza na hali ya hewa, anapita kwa magoti yake, anamalizia na maisha ya msimamizi. Siku nzima tunaendeana uso kwa uso hivyo, na mimi macho yangu nayaweka kwenye pindo la blanketi. Nikimtazama tu, ataniuliza habari za kwetu, na sina nguvu ya kuanza.

Jumapili, 9 Novemba

Mama yuko kwa jirani.

Jumapili, 16 Novemba

Mama anaoga. Nikasema nitasubiri. Dada akasema nisimalize salio bure, maji ya moto yamechelewa, mama naye akiingia bafuni hatoki leo. Nyuma yake nilisikia kiti kikisogezwa na mtu akikohoa. Nikauliza ni nani. Akasema shemeji yangu.

Jumatano, 19 Novemba

Redio kanikamata leo kwenye chumba cha chakula. Kwenu ni mbali kiasi gani? Nikataka kusema "mbali" nimalize, lakini alikuwa ameshaweka kijiko chini, anangoja. Nikatafuta kwenye simu. Mstari ulionyooka kutoka mji huu mpaka mji wetu ni kilomita elfu saba na mia mbili, saa tisa za kuruka. Redio akasema, "Si mbali hivyo. Unalala, unaamka, umefika."

Ingekuwa kweli kama ningekuwa ndege wa manyoya. Ndege ya moja kwa moja hakuna. Kuna ya kwanza, ambayo inaanza kwa kukupeleka upande usio wako, ukizidi kuwa mbali na kwenu. Kisha unakaa kwenye viti vya chuma mpaka kiuno kife, ndipo ije ya pili. Ukijumlisha yote ni saa ishirini na moja, mlango kwa mlango bila kuhesabu foleni. Kwa hiyo kila nikiambiwa saa tisa najisikia kama nimeibiwa zile nyingine.

Siku naondoka, miaka sita iliyopita, mama aliniuliza ndege inasimama wapi njiani watu wanyooshe miguu. Nikamwambia haisimami. Akakunja uso. Akasema huo ni ukatili, hata ng'ombe wakisafirishwa hushushwa. Kisha akanifungia chakula cha watu wanne.

Jumapili, 23 Novemba

Mama anatafuta miwani. Tangu lini mtu anaongea na simu kwa miwani?

Jumapili, 30 Novemba

Hawakupokea. Baadaye dada katuma ujumbe kwamba mtandao ulikuwa mbovu.

Alhamisi, 4 Desemba

Theluji. Basi lilichelewa, msimamizi kaninunia, nami nikamnunia.

Jumapili, 7 Desemba

Safari hii mama ana mafua, sauti imemkauka. Nilifurahi, na najua si vizuri kufurahia mafua ya mama. Lakini hicho angalau kinafanana na kitu cha kweli. Nikasema anywe maji ya moto na asali. Dada akasema, "Nitampa, mdogo wangu," kwa sauti ya mtu aliyegeukia ukutani.

Jumamosi, 13 Desemba

Magunia yamefika mpaka mlangoni. Msimu wa likizo, dunia nzima inaenda kwao. Leo tumefungua magunia kumi na mawili kutoka ule mji wa kubadilishia ndege ya kwetu. Ndani ya blanketi moja palikuwa na soksi ya mtoto. Niliishika muda mrefu mpaka Redio akanyamaza. Hilo halijawahi kutokea.

Nimeshaelewa kinachoendelea nyumbani. Mama amenuna. Mara ya mwisho tuliongea Oktoba, akaniuliza nakuja lini, kama anavyouliza siku zote, nami nilikuwa nimechoka hoi. Nikamjibu, "Mama, si basi la kusimamisha hapo nje." Akasema haya, akampa dada simu. Namjua mama yangu. Akinuna hapigi kelele wala halalamiki. Anaendelea na shughuli zake kana kwamba umehama dunia. Baba, Mungu amrehemu, aliwahi kukaa wiki mbili akila chakula kitamu mezani peke yake, hana wa kumwambia kitamu.

Jumapili, 14 Desemba

Nimegombana. Niandike kabla sijaanza kujitetea.

Dada alipopokea nilimwambia sitaki salamu, nampa mama dakika moja afike kwenye simu. Akaanza kuuma maneno. Mama bado hajapona vizuri, mama amekaa tu, mama hivi, mama vile. Damu ikanipanda kichwani. Wiki saba. Chumba kilikuwa baridi, nilikuwa nimekaa na koti, na nilikuwa nimeingoja simu hiyo tangu Jumatatu kwa sababu sina kingine cha kungoja.

Nikasema, "Basi mfikishie hivi. Mwambie nimechoka kubembeleza. Yeye amezungukwa na watu, mimi ndiye niliye peke yangu, na tangu nije huku hajawahi kuniuliza hata siku moja kama nimekula. Kama hataki kuongea na mimi, na mimi sitaki. Sipigi tena mpaka apige yeye."

Dada akasema, "Usiseme hivyo. Tafadhali, usiseme hivyo sasa hivi."

"Kwa nini nisiseme? Mpelekee hivyohivyo, usipunguze kitu."

Nikakata. Nilijisikia vizuri kwa muda wa kuchemsha chai, si zaidi.

Jumapili, 21 Desemba

Sijapiga. Hawajapiga.

Jumatano, 24 Desemba

Redio hakuja kazini, magoti. Wameniwekea kijana mgeni mezani asiyesema kitu. Tukakunja tangu asubuhi mpaka jioni kama watu wawili waliofiwa. Sikudhani nitaandika hili: nilimkumbuka Redio.

Jumapili, 28 Desemba

Sijapiga. Nilitoka nikatembea mpaka daraja na kurudi, simu mfukoni, nimeishika kama yai. Ikilia tu nipokee. Haikulia.

Ijumaa, 2 Januari

Redio amerudi. Nikamwuliza magoti vipi, naye akaduwaa, maana ni swali langu la kwanza kwake tangu tuanze kufanya kazi pamoja. Wakati wa chakula nikamwuliza anampigia nani siku za mapumziko. Akacheka. Akasema hana wa kumpigia, watu wake wote wameshatangulia, wa mwisho alikuwa dada yake. "Ndiyo maana nawasumbua nyinyi," akasema. "Nikinyamaza nasikia mashine tu."

Miaka miwili nimemwona mtu wa porojo. Niliona haya.

Jumapili, 4 Januari

Sijapiga. Sasa naogopa kupiga, hilo ni jambo jingine kabisa na hasira.

Alhamisi, 8 Januari

Shemeji amenipigia.

Mume wa dada ni dereva wa lori, mtu wa "haya" na "sawa" kisha huyo anarudi kwenye usukani. Kwa miaka yote aliyokuwa kwenye familia yetu hajawahi kunipigia. Nilipoona namba yake nilikuwa nakula, nikatoka nje bila koti kwa sababu nilijua ni msiba, na sikutaka kuupokea mbele ya watu wenye vijiko mkononi.

"Shemeji," akasema, "mama yu hai. Nianze na hilo."

Nikaegemea ukuta wa bati. Akasema yuko barabarani, ameegesha lori, akirudi nyumbani dada atamla mzima lakini liwalo na liwe. Mama alianguka mwishoni mwa Oktoba, siku mbili baada ya ile simu yetu ya mwisho. Kiharusi. Upande wa kulia umepooza na sauti imeondoka yote. Anasikia kila kitu, anaelewa, ila mdomo hautoi neno. Alipotoka hospitali, kitu cha kwanza alichofanya kwa mkono wake mzima ni kuonyesha simu, kisha kutikisa kidole. Nisiambiwe. Dada akamwahidi, na wote nyumbani wakaahidi.

Nisiseme sielewi. Kwetu ndivyo tulivyo. Aliye mbali haambiwi ugonjwa, anaambiwa kupona. Mwaka juzi mimi mwenyewe niliteleza kwenye barafu nikavunjika mkono, na Jumapili zote zile nilishika simu kwa mkono mwingine nikisema sijambo, mzima kama chuma. Wakaja kujua plasta ilipokwisha kutolewa. Mama akanisifu kwa kutowapa wasiwasi.

Nikamwuliza shemeji, sasa mbona wewe unaniambia?

"Kwa sababu ya Jumapili," akasema. "Ukipiga, dada yako anaweka spika, simu inakaa mezani mbele ya mama. Hajakosa hata moja. Lazima achanwe nywele kwanza ndipo akae."

Nikamwuliza, "Hata ile ya mwisho?"

Nilisikia magari yakimpita kule alikoegesha.

"Hata ile," akasema. "Alisikia yote. Na tangu siku ile, Jumapili ikifika anakaa hapo mezani kuanzia mchana, anaitazama simu. Chakula hagusi mpaka giza liingie. Ni Jumapili tatu sasa, shemeji. Mimi siwezi tena kumwangalia."

Nakumbuka alisema daktari amewaonya kwamba kingine kinaweza kuja wakati wowote, na kingine hicho huenda asikiweze. Nakumbuka nilikaa kwenye theluji. Redio ndiye aliyenikuta, na koti langu mkononi. Nilimwambia yote pale chini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake akasikiliza bila kutia neno.

Nilisema mama yangu hataki kuongea na mimi. Alikuwa amekaa pale, nywele zimechanwa, ananisikiliza, na hana mdomo wa kunijibu. Naandika mara ya pili ili nione kama itaumiza kidogo kuliko ya kwanza. Haipunguzi.

Ijumaa, 9 Januari

Nimemwomba msimamizi likizo. Akafungua jedwali lake la zamu. Yangu ni Juni. Kabla ya hapo siwezi kuondoka, na nikiondoka hivihivi basi unga umemwagika. Nikasema mama ni mgonjwa. Akasema anasikitika, na nadhani alisikitika kweli, kisha akafunga jedwali.

Redio alikuwa mlangoni, hakuna mlango usio na Redio. Zamu yake ya likizo inaanza tarehe tisa Februari. Akasema mbele yangu na mbele ya msimamizi, "Mpe yangu. Mimi nikikaa nyumbani wiki mbili nitaongea na kabati." Msimamizi akabadilisha majina kwa penseli.

Ni mwezi mzima wa kungoja. Nimekata tiketi ya Jumamosi, tarehe saba, kwa akiba niliyoiweka kwa ajili ya chumba chenye dirisha la maana. Dirisha litasubiri.

Jumapili, 11 Januari

Nilipiga saa ile ile ya siku zote. Dada alipokea kabla haijalia mara ya pili.

"Niweke spika," nikasema.

Akasema, "Umeshajua."

"Niweke, dada."

Nikasikia simu ikiwekwa juu ya mbao. Nikasikia pumzi, si ya dada. Nilikuwa nimejiandaa tangu Alhamisi, nina maneno yangu kichwani yamepangwa, na yote yakanipotea.

Nikasema, "Mama, ni mimi. Nilisema hujawahi kuniuliza kama nimekula. Ni uongo. Umeniuliza kila Jumapili kwa miaka sita mpaka nikawa nachoka kujibu. Nimekula, mama. Nimekula wali na maharage, na nimebakiza ya kesho."

Halafu nikalia, na kulia mbele ya simu isiyojibu ni kazi ngumu, hujui mwenzako analia au amekasirika au amesinzia. Dada akasema taratibu, "Yupo. Ameinama karibu na simu. Endelea." Nikaendelea. Nikamweleza kazi yangu ya kweli, mablanketi na magunia na mashine. Nikamweleza Redio na magoti yake. Nikamwambia bomba linavyogonga, nikalisogezea simu alisikie. Dada akasema mama amecheka, upande mmoja wa uso.

Nikamwambia nakuja. Ndege mbili, Jumamosi tarehe saba natoka, Jumapili nipo. Nilijikaza kisabuni nikaitaja tarehe mara mbili, ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Tulipomaliza giza lilikuwa limeshaingia na sauti yangu haikukwaruza hata kidogo.

Jumapili, 18 Januari

Nimempigia. Nimeongea mpaka salio likaisha.

Alhamisi, 22 Januari

Baridi kali kuliko zote. Redio ananifundisha jinsi ya kuongea na mtu asiyejibu. Anasema usiulize maswali, simulia tu, na usiogope kurudia.

Jumapili, 25 Januari

Nimempigia. Nimesimulia. Nimerudia.

Jumanne, 27 Januari

Kimekuja kingine. Yuko hospitali tangu alfajiri. Dada ameniambia hapohapo, bila kuficha, na sasa natamani angenificha. Mtu hajui anachokitaka.

Kilomita elfu saba na mia mbili. Nilisimama uani kazini nikazitazama ndege zikipaa, moja baada ya nyingine, karibu kiasi cha kuona magurudumu yakiingia tumboni. Nilizichukia. Hizo mashine ninazozifulia zinaondoka na watu wanaokwenda kutalii, na mimi nimesimama hapa na blanketi.

Nilijaribu kubadilisha tiketi. Viti vimejaa mpaka siku yangu.

Jumatano, 28 Januari

Yu hai.

Alhamisi, 29 Januari

Yu hai. Nimekunja blanketi moja mara nne nikidhani ni manne.

Jumapili, 1 Februari

Amerudi nyumbani. Dada anasema mwili umetulia kidogo ila akili inakuja na kuondoka. Kuna siku anamtambua kila mtu, kuna siku anamtazama hata dada kama mpita njia. Leo nilipopiga waliniweka spika, nikasimulia. Nikauliza yukoje. Dada akasema anasikiliza, mkono ameuweka kando ya simu.

Ijumaa, 6 Februari

Mwenye nyumba ameniuliza naenda kwa muda gani. Wiki mbili. Akapanda ngazi zote hizo kuniletea mkanda wa kufungia sanduku. Tumekaa nyumba moja miaka minne na sikujua anaweza kupanda ngazi.

Jumamosi, 7 Februari, kwenye mji wa kubadilishia ndege

Ndege ya kwanza imenileta huku upande usio wangu. Nilipewa blanketi ndani ya plastiki. Nikalitoa, nikaangalia mikunjo, pindo limepishana vidole viwili. Zamu ya usiku hiyo. Nilimwambia jirani yangu wa kiti kwamba limekunjwa vibaya, akavaa vile vya kuziba masikio.

Sasa nimekaa kwenye viti vya chuma. Pembeni yangu watu wa nchi zote wamelala midomo wazi, kila mmoja amekumbatia mkoba wake. Hakuna anayejua ninakokwenda, wala mimi sijui wao wanakimbilia nini. Hapa simu haina mtandao. Dada akitaka kuniambia kitu, hawezi. Hilo ndilo linanitisha, kwamba kwa saa zote hizi huenda jambo limeshatokea na mimi bado nampangia mama maneno ya kumwambia.

Jumatatu, 9 Februari, nyumbani

Nimefika jana kabla ya adhuhuri. Shemeji alikuja kunipokea na lori. Kabla sijafungua mdomo akasema, "Yupo." Nikammiminia salamu zote njiani, yeye "haya", mimi kulia, mpaka mlangoni.

Mama alikuwa amekaa kwenye kochi. Amekuwa mdogo. Upande mmoja wa uso umeshuka, nywele zimekuwa nyeupe zote na zimechanwa vizuri. Nikapiga magoti mbele yake, nikamshika mkono mzima, nikasema, "Mama, nimekuja."

Alinitazama. Alinitazama kwa adabu, kama unavyomtazama mgeni aliyeletwa na mtu mwingine, kisha akautoa mkono wake kwenye mikono yangu na kuuweka mapajani.

Dada akanivuta kando. Akasema nisiumie, leo ni siku ile mbaya, tangu asubuhi amemkataa hata yeye. Isitoshe nimekonda, nimekata nywele, miaka sita si mchezo. Nikasema naelewa. Sikuelewa. Nilichokuwa nawaza ni kwamba ananijua vizuri sana, na hiyo ni hukumu yangu ya tarehe kumi na nne Desemba. Sikuwa na njia ya kujua ni ipi kati ya hizo mbili, na yeye hakuwa na njia ya kuniambia.

Tulikula. Nilikaa kiti cha kumkabili, sikujua niweke wapi macho. Nilikuwa mpweke pale sebuleni kwetu kuliko nilivyowahi kuwa kule chumbani na bomba langu, maana kule angalau nilikuwa na mahali pa kutamani. Dada alimlisha vijiko viwili. Cha tatu akakikataa.

Alasiri ilipofika akaanza kuhangaika. Alinyoosha mkono kuelekea mezani. Dada akampa maji, akakataa. Akampa mtandio, akakataa. Shemeji ndiye aliyeelewa, akasema kwa sauti ndogo, "Ni Jumapili." Dada akaiweka simu mezani mbele yake. Mama akatulia palepale. Akajisawazisha nywele kwa vidole, akaanza kuitazama simu.

Alikuwa ananingoja. Mimi nimekaa hatua tatu kutoka kwake na alikuwa ananingoja.

Nilitoka nje. Dada alidhani nakwenda kulia, na nilidhani hivyo pia. Nikasimama uani karibu na kamba ya nguo, nikatoa simu, nikapiga. Ndani ikalia. Kupitia dirishani niliona mama akiondoa mkono wa dada uliokuwa unanyooshwa kupokea, akaivuta simu karibu naye mwenyewe. Dada akabonyeza spika.

"Mama, ni mimi," nikasema. "Umekula? Mimi nimekula. Nimekula kwako."

Uso wake ulibadilika. Ule upande mzima ukapanda. Aliinamia simu kama dada alivyokuwa akinisimulia, na mimi nilikuwa sijawahi kuliona jambo hilo kwa macho yangu, kwamba ndivyo nilivyokuwa nikisikilizwa Jumapili zote zile.

Nikasimulia. Nikamwambia nimepanda ndege mbili. Ya kwanza ikanipeleka mbali zaidi, nikakaa kwenye viti vya chuma, nikapanda ya pili, haikusimama popote. Nikaanza kutembea nikiongea. Nikamwambia shemeji kanipokea, tumepita njia ya juu, nimeona nyumba imepakwa rangi. Nikapita jikoni. Nikamwambia sasa niko mlangoni, mama, nafungua. Sauti yangu ikawa inatoka mara mbili, kwenye simu na mdomoni. Dada aliziba mdomo kwa kanga.

Mama aliinua kichwa. Akaitazama simu. Akanitazama mimi, mdomo wangu, simu iliyo sikioni kwangu. Akarudi kwenye simu. Sikuacha kuongea. Nilimwambia pole kwa yale maneno, nilimwambia hivyo nikiwa nimemtazama, na sauti ikasema pole pale mezani pia.

Kisha mama akaweka kiganja chake cha kushoto kwenye kochi, akajisukuma, akahangaika, shemeji akataka kumsaidia nikamzuia. Ilimchukua muda. Alisogea mpaka ukingoni, akapapasa pale alipokuwa amekaa, palipobaki wazi.

Nikakata simu, nikaenda nikakaa.